Takwa bado, Siyu bado

Tangu nihamie Lamu kutoka Machakos, vichochoro vya Langoni navipita hata gizani, lakini kwenye magofu ya Takwa sijafika. Na ni ng'ambo tu hapo, kisiwa cha Manda! Mashua huingia mkondo wa mikoko maji yakijaa, yakipwa, mmekwama. Mji ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, ukahamwa. Nautamani msikiti wake wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo ambako watu wa Shela huenda kuomba mvua. Hilo la dua ndilo linanivuta zaidi. Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, nitakwenda kwa miguu. Kisha ngome ya Siyu, kisiwani Pate. Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Pate, asisitiza nianzie kwao.