Kipimo cha tangi: nani anakula betri?

Jumapili usiku

Kidude kiko juu ya paa la ploti yetu hapa Umoja, Nairobi: swichi tatu za boya ndani ya tangi na bodi moja ya ESP32, chipu ndogo yenye kichakataji na redio ya Wi-Fi, inayoamka kila dakika 15, inatuma hali ya maji kwenye simu kupitia Wi-Fi, kisha inalala. Maji ya mfereji kwetu huja siku mbili kwa wiki, na kupanda ghorofa tano kwenda kuchungulia tangi nilishachoka. Kinafanya kazi vizuri, ila betri haikai. Ile betri ya lithiamu ya saizi 18650 niliyoitoa kwenye laptopu mbovu, niliyoipima nikapata miliampea-saa 2200, inakata siku ya sita. "Fundi, hicho chako kimelala tena," ndiyo salamu ya keateka siku hizi.

Mimi nilimshuku kichakataji. Saa yake, yaani mdundo unaopanga kasi yake, ilikuwa inakimbia megahezi 240, nikaishusha hadi 80. Karatasi ya vipimo ya Espressif, watengenezaji wa chipu hiyo, inasema redio ikiwa imezimwa, kwa 240 chipu hula miliampea 30 hadi 68, na kwa 80 hula 20 hadi 31. Nikaona nimeshamaliza kazi. Betri ikadumu siku sita na nusu.

Leo nimeazima osiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka, nikaweka rezista ya omu 1 kwenye waya wa umeme ili kila milivolti isomeke kama miliampea. Picha imenifundisha mengi. Bodi ikiamka kuna kakilima kadogo, halafu tambarare ndefu ya kama miliampea 100 redio ikisikiliza ruta, na juu yake miiba inayopita 200 kila antena inaporusha. Kwa sekunde nne nzima kichakataji hakina la kufanya, kinangoja tu kujibiwa. Kupunguza kasi yake pale ni kama kumwambia makanga apunguze kelele ili matatu inywe mafuta kidogo. Saa ya redio ni nyingine, inatokana na kristali ya megahezi 40, na mimi sikuigusa. Nilijaribu hata kushusha kichakataji hadi 40. Wi-Fi ikagoma kabisa, kwa kuwa haishuki chini ya 80.

Jumanne

Leo nimepima usingizi, kitu nilichopaswa kufanya mwezi uliopita. Chipu yenyewe katika usingizi mzito hula kama mikroampea 10. Multimita ikasoma miliampea 9! Yaani miliampea-saa 216 kwa siku kidude kikiwa kimelala, ilhali kuamka mara 96 kunakula kama 13 tu. Walaji: taa nyekundu ya bodi isiyozimika, regyuleta inayoshusha volti za betri, na chipu ya USB. Juu ya hayo regyuleta ile inahitaji karibu volti moja zaidi ya 3.3 inazotoa, kwa hiyo betri ikishuka kidogo tu chini ya 4.2 za ikiwa imejaa, tayari inayumba. Nilikuwa nateremsha betri ambayo bado ina chaji nyingi.

Alhamisi

Nimepita Luthuli Avenue, nimenunua moduli tupu isiyo na bodi, na betri ya LiFePO4, lithiamu ya aina nyingine, ambayo volti zake 3.2 zinaingia moja kwa moja bila regyuleta. (Ikitoka kwenye chaja iache itulie kwanza, maana hufika 3.65 na mwisho wa chipu ni 3.6.) Mezani usingizi: miliampea 0.02. Nililala kwa furaha.

Ijumaa

Paani: 1.01. Nikabadilisha multimita, ikasema vilevile. Nikakagua risasi zote nilizochomelea, hakuna kasoro. Niliposhusha boya la juu kwa mkono ili nilisafishe, namba ikashuka hadi 0.68. La pili, 0.35. Hapo ndipo nikacheka peke yangu juu ya paa. Kila swichi ina rezista ya kilo-omu 10 kutoka volti 3.3, na boya likipanda swichi inaunganisha, umeme unapita pale mchana na usiku, 0.33 kwa kila boya. Kumbe tangi likijaa ndipo betri inaliwa zaidi, na mezani maboya yote yalikuwa yamelala chini. Sasa rezista zinalishwa na pini moja ya chipu inayowashwa wakati wa kusoma tu. 0.02 tena, maboya juu au chini.

Jumamosi

Zikabaki zile sekunde nne. Nimeihifadhi chaneli na anwani ya ruta kwenye kumbukumbu isiyofutika wakati wa usingizi, na kidude nimekipa anwani ya IP isiyobadilika, kisiwe kinatafuta mtandao upya kila mara. Ruta ikihama chaneli, kinarudi kutafuta kwa njia ndefu. Muda wa kuamka umeshuka kutoka sekunde 4.3 hadi 0.8.

Nikarudisha saa kwenye 240 kulinganisha. Tofauti kwa siku haifiki hata miliampea-saa moja. Nimeirudisha 80, kisha nikafunga kiboksi kwa silikoni. Keateka alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi na swali lake: "Na hiki sasa kitalala lini?"

Nimemwambia aniulize baada ya mvua.