Kasoma Vizuri, Sasa Muulize Kasoma Nini

Soma sentensi hii: "Msobe alificha kidurango chake mtubeni kwa sababu lindwa lilikuwa linafosha." Haya, jibu. Msobe alificha nini? Alikificha wapi? Kwa nini? Umepata yote matatu bila kusita, na hujui hata chembe ya kilichotokea. Maneno hayo nimeyabuni hapa kibandani kwangu pa kuziba pancha, Ngamiani, Tanga, nikisubiri solusheni ikauke kwenye tyubu ya mteja.

Ndivyo watoto wetu wengi wanavyosoma Kiingereza. Mpwa wangu yuko darasa la pili shule ya Kiingereza, na gari la shule humshushia hapa kwangu mpaka mama yake afunge duka. Akifika, "Shikamoo mjomba", anatupa mkoba, anatoa kitabu. Anasoma "The goat is under the table because it is raining" bila kukwama popote. Ukimuuliza "Where is the goat?" anakurushia "Under the table" hujamaliza kuuliza. Lakini muulize kwa Kiswahili mbuzi kafuata nini huko, anaanza kutafuta jibu usoni kwako. Na daftari lake lina tiki nyekundu juu mpaka chini, maana maswali ya mwisho wa hadithi ni yale yale ya Msobe: unachota maneno kwenye sentensi, unayarudisha.

Kiswahili kimetudekeza. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, basi, anasoma lolote lililo mbele yake. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, kwa hiyo herufi ile ile leo inalia hivi, kesho vile. Mtoto anaona "make" anasoma ma-ke, anaona "one" anasoma o-ne. Nguvu zote za mzazi na mwalimu zinaishia kunyoosha mdomo, na mdomo ukinyooka tunapiga makofi, tunadhani kazi imekwisha. Siku moja isiyo na wateja nilikuwa naperuzi simu nikakutana na Gough na Tunmer, wataalamu walioandika mwaka 1986 kwamba kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Walisema zao, yaani kuzidisha. Ukiwa na kumi upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu unalijua.

Watu wa Tanga tusijifanye kushangaa. Watoto wetu wanasoma Kurani kwa tajwidi safi, yaani kila herufi imetamkwa inavyotakiwa, kabla hawajajua Kiarabu, na hakuna anayedai kwamba wameshajua maana. Maana ina kikao chake. Sheikh kwenye darsa anasoma aya, anatua, anaifungua kwa Kiswahili, watu wanauliza, ndipo anaendelea. Kwa nini kitabu cha mbuzi tukinyime heshima hiyo?

Kwa hiyo hapa kibandani tunaanza na picha, kwa Kiswahili, kitabu kikiwa hakijasomwa hata neno. Huyu nani? Kaloa au hajaloa? Mtoto wa Ngamiani anajua vizuri mvua ya vuli ikishuka mbuzi wanavyogombania baraza za watu. Akishayasema hayo kwa mdomo wake, ile "because" inapofika inakuta jambo lenyewe limeshakaa. Kisha anasoma. Kisha namharibia makusudi: "Ahaa, kumbe mbuzi kapanda juu ya meza." "Mjomba! Under!" na anaingia mwenyewe chini ya benchi langu, sare na vyote, kunionyesha. Mama yake hulalamika juu ya grisi. Sawa, lakini hiyo "under" haitoki tena. Pampu nayo tumeihamisha: behind the wheel, on the box, in the basin, mpaka wateja wakaanza kuchangia.

Panapomchanganya zaidi ni "he" na "she". Sisi tunasema "alibeba" tu, awe mume awe mke. Hadithi ikiwa na kaka na dada sokoni, halafu "She carried the basket, he carried the hen," mtoto anapita tu, kuku hajulikani yuko kwa nani. Hapo namwambia aweke kidole kwenye picha: she ni yupi? He? Asipoweza, hatufungui ukurasa mwingine.

Kuna shule hapa mjini mtoto akiteleza akasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Mimi naona ni kumfunga mdomo. Kiswahili ndicho kitu pekee anachoweza kunithibitishia nacho kwamba ameelewa.

Tena hili si la wenye ada peke yao. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelishusha somo la Kiingereza mpaka darasa la kwanza kwenye shule za serikali, ambako awali lilianza darasa la tatu. Na kidato cha kwanza kinawasubiri wote, masomo karibu yote kwa Kiingereza.

Vitabu ni shida, vya nje vimejaa theluji. Mimi natumia simu: African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure, nyingine zipo kwa Kiswahili na Kiingereza. Tunasoma ya Kiswahili leo, kesho yake ile ile kwa Kiingereza. Ukurasa ukiwa na maneno mageni kuzidi vidole vya mkono mmoja, tunatafuta hadithi nyepesi.

Bibi yake, mama yangu mzazi, hajui Kiingereza, na ndiye mtahini mkali kuliko mimi. Anataka ahadithiwe jioni, na hadithi isipoeleweka anakatiza: "Huyo paka alijuaje kama kwenye kapu mna samaki?" Juzi mtoto akarudi kwenye kitabu, akapekua, hakuna. Akafikiri. "Si alinusa, bibi." Neno la kunusa halimo kwenye ukurasa ule, kalitoa kichwani mwake.

Hadithi inayofuata ni ya mvuvi, imejaa "net", "hook" na "tide". Jumamosi nampakia kwenye kerieli tushuke pwani, Deep Sea, boti za wavuvi zikiingia, avione vyote vikifanya kazi. Kitabu tutakifungua tukirudi.