Dawati la Mwisho, Kidato cha Pili

Katika muhula wangu wa kwanza nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya serikali, niliamini kwamba nausimamia ufundishaji kwa sababu kila Jumatatu asubuhi nilikagua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, nikayatia saini na kuyagonga muhuri. Muda uliobaki uliliwa na mafaili, vikao na barua za kujibiwa. Matokeo ya Hisabati ya kidato cha pili yaliposhuka kwa mara ya pili, makamu wangu alipendekeza tuongeze mitihani ya majaribio. Nilisita, kwa kuwa nilitambua kwamba sijawahi kukaa ndani ya darasa hilo hata kipindi kimoja.

Niliingia bila kumwarifu mwalimu, nikaketi dawati la mwisho kando ya msichana mmoja. Somo lilikuwa milinganyo yenye mabano. Andalio nililokuwa nimelitia saini lilikuwa safi, na ubaoni hapakuwa na kosa lolote. Mwalimu alipouliza, "Tumeelewana?" darasa zima liliitika, na msichana yule naye akaitika. Kisha likaja zoezi: 3 − 2(x − 4) = 5. Akaandika 3 − 2x − 8 = 5, akapata x kuwa −5 badala ya 3, akalipigia mstari jibu lake kwa rula, kwa uangalifu mkubwa. Nilichungulia madaftari matano ya jirani. Manne yalikuwa na kosa lilelile. Akiwa ubaoni mwalimu asingeweza kuliona, maana katika dakika 40 ni wanafunzi sita tu waliojibu maswali, na wote walikaa safu za mbele.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwita mwalimu ofisini, nikakaa nyuma ya meza yangu, nikaanza kumsomea niliyoyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mkuu, ungeniambia unakuja, ningekueleza kwamba hilo la mabano linanisumbua huu mwaka wa tatu." Sikuwa na la kujibu. Tatizo alilijua kuliko mimi, na kwa miaka mitatu hakupata mtu wa kulitazama pamoja naye. Morris Cogan na wenzake wa Harvard, walipobuni utaratibu wao wa kumsaidia mwalimu darasani, waliweka mazungumzo kabla ya kuingia, ili mwalimu mwenyewe aseme ni jambo gani angependa litazamwe. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni, na bado niliingia kama mkaguzi.

Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba aje anitazame mimi. Bado nilikuwa na vipindi viwili vya Fizikia katika darasa hilohilo, na nilitaka anihesabie kitu kimoja: sekunde ninazosubiri baada ya kuuliza swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi waliozoea kunyamaza huanza kusema. Sekunde tatu ni kitambo kirefu mno kwa mtu aliyesimama mbele ya darasa lililo kimya. Anayedhani ni jambo dogo na ajaribu.

Alhamisi iliyofuata aliketi dawati lilelile, kando ya msichana yuleyule, saa yake ya mkononi ikiwa mbele yake. Kengele ilipolia hatukwenda ofisini. Tulivuta viti viwili darasani humo, akanionyesha karatasi yake: maswali 17, na ni matatu tu niliyoyasubiria zaidi ya sekunde mbili. Tulizungumza mpaka wafagiaji wa zamu wakaingia. Alipokuwa anainuka aliigeuza karatasi; nyuma yake alikuwa ameandika mlinganyo mmoja wa mabano ambao angeanza nao kesho yake, akaniomba nije, nimtazamie wanafunzi wa safu mbili za nyuma.