Siku moja maishani mwangu: "Boksi nusu unalitoa wapi?"

Saa 11:30 alfajiri

Intaneti ya alfajiri ina kasi, na hiyo ndiyo sababu pekee inayonitoa kitandani muda huu. Hapa Sinza ikishafika saa tatu, kila mtu yuko mtandaoni na kila kitu kinasuasua. Nabandika maji ya chai, nafungua laptopu, navuta kazi ambayo wenzangu wa nchi nyingine wamefanya nikiwa nimelala.

Kazi yenyewe ni programu huria ya kusimamia bohari za dawa. Iliandikwa kwa Python 2.7, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, tunaihamishia Python 3. Ndiyo, najua tumechelewa. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na 2.7 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, tena baada ya kuongezewa miaka mitano. Sisi tuliendelea kusema "mwakani" mpaka seva mpya ikaja na mfumo endeshi wa Debian 12, ambao 2.7 haimo kabisa. Imo 3.11. Hapo ndipo usingizi ulipokata.

(Mama yangu nikimwambia nashinda na kodi, yaani maandishi ya programu, anadhani nimeajiriwa TRA.)

Saa 1:15 asubuhi

Chai na vitumbua. Huku nakula, 2to3, zana inayogeuza kodi ya Python 2 kuwa ya Python 3, inapita kwenye moduli (sehemu ya programu) ya leo na kubadilisha yale mepesi: `print` inawekewa mabano, `xrange` inakuwa `range`. Mtu wa nje akiangalia anaona kazi kubwa imefanyika. Hakuna kitu hapo.

Saa 3:00

Ripoti ya dawa zinazokaribia kuisha muda imegoma. Tarehe zetu zimehifadhiwa kama maandishi, na dawa nyingine hazina tarehe, zina `None`, yaani "hakuna kitu". Python 2 ilikuwa inazipanga tu, `None` mbele ya vyote, haiulizi. Python 3 inakataa kulinganisha maandishi na kitu ambacho hakipo, na kusema kweli iko sahihi. Dakika kumi, imekwisha. Hitilafu inayopiga kelele naipenda.

Saa 4:30

Sasa kugawanya. 2to3 alama ya `/` haiigusi, maana haiwezi kujua mwandishi alikusudia nini. Zamani namba nzima ukiigawa kwa namba nzima, kilichobaki kilitupwa. Zahanati ikiomba vidonge 3,500 na boksi ni vidonge 1,000, mfumo ulitoa 3. Sasa unatoa 3.5. Kipi sahihi? Hilo si swali la kompyuta. Nikampigia dada mfamasia anayeutumia kila siku.

"Shikamoo dada. Hivi oda ikija na boksi tatu na nusu, mnafanyaje?"

"Marahaba. Boksi nusu unalitoa wapi, mdogo wangu? Bohari haifungui boksi."

"Na vile 500?"

"Vinangoja oda ijayo."

Basi hapo ni `//`, alama ya kugawa na kutupa kilichobaki. Nikahamia faili linalofuata: wastani wa matumizi ya mwezi. Makopo 11 kwa miezi 3, mfumo wa zamani ulisema 3. Jibu ni 3.67, na hapa sehemu hiyo ndogo inatakiwa, kwa sababu wastani huo ndio unaoamua oda ya miezi ijayo. Yaani tumekuwa tukiagiza pungufu miaka yote na hakuna aliyeona. Nikampigia tena. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kumbe ndiyo maana!" Hakunieleza ndiyo maana ya nini, alikuwa na foleni dirishani.

Saa 6:40 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, narudi nakuta Chang'ombe imeniharibia siku. Mtu aliyeingiza majina ya vituo alinakili kutoka Word, na Word huipinda ile alama ya ng'. Kwa macho huoni tofauti. Kwa kompyuta, inayohifadhi kila herufi kwa vipande viitwavyo baiti, alama iliyopinda ni baiti tatu, kwa hiyo Chang’ombe ni herufi 10 lakini baiti 12. Python 2 ilichanganya hayo mawili bila aibu, na lebo zetu zikakatwa katikati ya alama. Python 3 inakulazimisha useme: haya ni maandishi au ni baiti? Tukisoma faili kama ASCII, utaratibu wa zamani usioijua alama hiyo, badala ya UTF-8 unaoijua, linakwama kwenye baiti 0xe2, nafasi ya 5. Hiyo ni Chang'ombe tu. Nyang'hwale nayo imo.

Saa 8:00

Mhakiki wetu wa São Paulo ameamka. Kwao ni saa mbili asubuhi. Ujumbe mmoja tu: "Mbona jumla ipo, safu hazipo?"

Nikafungua ripoti ya stoo. Chini imeandikwa jumla, sahihi kabisa. Juu, jedwali tupu. Hakuna kosa lililoripotiwa, majaribio yote yamepita, kwa sababu majaribio yetu yanaangalia jumla.

Saa mbili na nusu nimekaa nayo. Mkosaji ni `map`, amri inayopitisha kila kitu cha orodha kwenye kazi moja. Katika Python 2 ilikupa orodha, trei ya mayai iko mezani, uihesabu mara ngapi utakavyo. Katika Python 3 inakupa muuza mayai anayepita mtaani: ukishamhesabia yote, ameshafika mtaa wa pili. Kodi yetu inapita mara ya kwanza kujumlisha, mara ya pili kuchora safu. Mara ya pili hakuna kitu, na Python haioni ajabu.

2to3 ingeizungushia `list()` yenyewe. Lakini miezi minne nyuma kuna mtu alizima kipengele hicho kwa sababu kilikuwa kinajaza `list()` kila mahali na kodi inaonekana mbaya. Nikatafuta kwenye historia nani huyo. Ni mimi.

Saa 11:00 jioni

Umeme umekatika. Laptopu ina asilimia 40. Namjibu Mbrazili, nakiri.

Saa 2:20 usiku

Umerudi. Kabla ya kulala nikatafuta `map(` kwenye mradi wote. Zimetoka sehemu 87. Nyingi hupitiwa mara moja tu na hazina shida, ila huwezi kujua bila kuifungua kila moja. Nimefungua nne, mbili zilikuwa mbovu. Ya tano ina `map` ndani ya `filter` ndani ya `map`. Nimeiangalia, ikaniangalia, nikafunga laptopu.