Nairobi hadi New York: kila mtu alikuwa na hesabu yake

Mama alipokata shauri kuja kunitembelea Julai, kila mtu kwenye kundi la familia la WhatsApp aligeuka rubani. Wakala wa tiketi ndiye alianza: apitie Dubai, "ni yale yale tu," na bei nafuu kidogo. Yale yale wapi? Nairobi hadi Dubai ni kilomita zaidi ya 3,500, halafu 11,000 nyingine kuelekea magharibi, na katikati mama mzee anasinzia kwenye benchi. Ndege ya moja kwa moja ipo tangu Oktoba 2018. Nikaongeza pesa, yakaisha.

Kisha mjomba. Ndege inatoka kama saa tano usiku, inatua kama saa moja asubuhi, kwa hiyo ni saa nane, "tiketi yenyewe imeandika." Nikamweleza kwamba Julai New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba, jumla 15. Akanijibu nisimfundishe kuhesabu.

Binamu naye akashika rula na ramani ya ukutani. Mstari ukapita Kongo, Nigeria, Mauritania, akamwahidi Mama ataona mto Kongo dirishani. Hapo nikachukua tufe la dunia la mwanangu na uzi wa kushonea vifungo. Shika ncha moja Nairobi, nyingine New York, vuta mpaka ukaze: uzi wenyewe unateleza kwenda kaskazini. Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, ukatokea baharini Moroko. Kongo haimo! Nikaupima uzi, sentimita 28. Ikweta ya tufe hilohilo, 94. Dunia mzingo wake ni kilomita 40,000. Zidisha, gawanya, unapata kama 11,900. Umbali wenyewe ni karibu 11,800. Nilituma picha kundini, kimya.

Mama nilimwambia saa yake ya mkononi asiiguse kabisa: ikigonga saa nane mchana ya Nairobi, mmefika. Mle ndani taa huzimwa na kuwashwa wanavyotaka wao, na ukifuata dirisha hutajua dawa ni ya saa ngapi.

Kurudi ni kama saa 14, maana pepo za juu huvuma kutoka magharibi zikaisukuma ndege. Aliondoka Novemba, tofauti ya saa ikiwa nane badala ya saba, saa sita mchana, akatua saa nne asubuhi ya pili yake. Mjomba akatangaza saa 22, eti rubani alipotea.

Lo, na kiti cha magurudumu! Kiombeni mapema, hakilipiwi. Mama alikikataa katakata, yeye si mgonjwa. Alipofika New York akaiona foleni ya pasipoti, akakaa mwenyewe. Mimi nilishapanga kumsubiri muda mrefu. Akatoka nikiwa bado natafuta pa kuegesha gari, akanipigia kwa simu ya kijana aliyemsukuma, akaniuliza kama bado nimelala.