Python 2.7: Matengenezo ya Programu Iliyokwisha Kufungwa

Wengi hudhani kwamba kutunza programu ni kusahihisha makosa tu, na kwamba makosa yakipungua kazi nayo hupungua. Mwaka 1976 mtafiti Burton Swanson aliigawa kazi hiyo mafungu matatu: kusahihisha, kuilinganisha programu na mazingira yaliyobadilika, na kuiboresha. Mgawanyo huo ungali unafaa, ila uzito wa kila fungu hubadilika kadiri mfumo unavyozeeka, na kwangu mimi mfano ulio wazi zaidi ni Python 2.7, toleo la mwisho katika mfululizo wa Python 2 wa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python.

Toleo hilo lilitoka Julai 2010, wakati Python 3 ilikwisha kutoka tangu Desemba 2008, na ikaamuliwa kwamba 2.8 haitakuwapo. Kuanzia hapo kilichokubaliwa kilikuwa masahihisho, si vipengele vipya. Hata hivyo, kanuni za kulinda mawasiliano ya intaneti ziliendelea kubadilika, na kilichokuwa salama mwaka 2010 hakikubaki salama kwa kuwa tu msimbo wake haukuguswa. Ndiyo maana 2.7.9, iliyotoka Desemba 2014, iliruhusiwa kukiuka utaratibu: ilichukua sehemu kubwa ya moduli ya ssl (sehemu inayoshughulikia mawasiliano salama) kutoka Python 3.4 na kuanza kukagua vyeti vya HTTPS, vinavyothibitisha utambulisho wa seva, bila kuombwa, jambo lililozikwamisha programu zilizozoea kuunganishwa na seva zenye vyeti visivyothibitishwa. Naliona hilo kuwa uamuzi sahihi, japo liliwaudhi wengi.

Mwaka huohuo tarehe ya kusitisha huduma, iliyokuwa 2015, ilisogezwa hadi 2020, kwa sababu watumiaji walikuwa hawajahamia Python 3. Malalamiko mengi yalihusu mabano ambayo Python 3 inayadai kwenye print, amri ya kuonyesha maandishi (zana ya kuhamishia msimbo, 2to3, iliweza kuyaweka yenyewe), lakini ugumu halisi ulikuwa kutenganisha matini na baiti (data ghafi), kazi inayomtaka mtu aelewe kila data inatoka wapi na inakwenda wapi, ilhali mara nyingi aliyeiandika programu hiyo alikwisha kuondoka.

Toleo la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Matengenezo hayakuishia hapo, yalibadilisha mikono tu: kampuni ya Red Hat iliendelea kuitunza 2.7 ndani ya mfumo wake wa uendeshaji wa RHEL 8 hadi Juni 2024, kwa ajili ya wateja ambao bado walikuwa na msimbo wa kuhamisha.