Nilivyozoea kula kwa mama lishe wa Bangkok

Sisi wa Kariakoo tunaofuata nguo Thailand wengi wetu tunafikia Pratunam, mtaa wa Bangkok. Maduka ya jumla yako hapo hapo na vyumba vya bei nafuu havikosekani. Lakini nimeona wenzangu wanamaliza safari nzima kwa biskuti, ndizi na chipsi, kisha wanarudi Dar wanatangaza kuwa kule hakuna chakula. Kule chakula kiko kila hatua ya barabara, asubuhi mpaka usiku wa manane. Mimi njaa siiwezi, na pesa ya mzigo sitaki kuiacha kwenye mgahawa wa hoteli, kwa hiyo nikaamua nitakula mtaani.

Kilichonisumbua kichwa ni nguruwe. Kwa Mwislamu, kusema "mai sai mu", yaani usinitilie nguruwe, kunasaidia kidogo tu. Karai linalokaangia kuku wako ndilo limetoka kukaangia nguruwe wa mteja aliyekutangulia. Vibanda vingi vya tambi vinamwagia juu ya supu kitunguu saumu kilichokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na hutayaona. Hata khao man gai, ule wali uliopikwa kwa supu na mafuta ya kuku ambao Pratunam inasifika nao, mara nyingi unaletwa na vipande vya rangi ya kahawia pembeni. Ukiwa na haraka utadhani maini. Ni damu ya kuku iliyogandishwa.

Mkombozi wangu akawa Phetchaburi Soi 7, uchochoro ulio karibu na kituo cha treni ya juu cha Ratchathewi. Kutoka Pratunam naenda kwa miguu. Mle ndani kuna msikiti wa Darul Aman, na pembeni yake wanapika Waislamu wa Kithai, kina mama wamejifunga hijabu, ukutani picha ya Makka au nembo ya halali. Basi hapo maswali yanaisha, unabaki na kazi ya kuchagua. Ijumaa watu wanafurika, ukichelewa unakuta masufuria yamekwanguliwa.

Nilianza na khao mok gai kwa sababu macho yaliutambua: wali wa njano wenye manjano na viungo, kuku amefukiwa ndani, juu vitunguu vya kukaanga. Mtu wa pwani haulizi mara mbili. Tofauti iko kwenye kibakuli cha mchuzi wa kijani kinacholetwa nao, una nanaa, giligilani, pilipili, una uchachu na utamu kwa pamoja. Siku ya kwanza niliuchovya kwa ncha ya kijiko. Sasa naomba wa pili.

Kuagiza si kazi kubwa. Vyungu viko wazi, unanyoosha kidole, unakaa kwenye kigoda cha plastiki, unalipa ukishakula. Mwanamke anamalizia maneno yake kwa "kha", mwanamume "khrap". Ukiyatia hayo, hata Kithai chako kikiwa cha kuokoteza, uso wa muuzaji unafunguka. Mama niliyemzoea namwita "pa", kama wanavyomwita wateja wake wengine, ni shangazi huyo. Akiniona tu anainua kidole gumba kuelekea kwenye chungu cha kuku, mimi naitikia kwa kichwa, biashara imekwisha. Sahani moja ya wali haifiki hata robo ya bei ya hotelini, na ukitaka kwenda nayo chumbani anakufungia kwenye mfuko wa nailoni na kuukaza kwa mpira, mchuzi mbali, wali mbali. Sijawahi kumwagikiwa.

Jambo lililonichukua muda ni kuelewa kwamba chakula kinafika mezani hakijamalizika. Kwenye meza za tambi utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili ya kusaga, siki yenye pilipili zilizokatwa, na nam pla, yaani yale maji ya chumvi yanayotokana na samaki wadogo waliovundikwa. Harufu yake ikiwa peke yake inaweza kukutoa mezani, ila ikishaingia kwenye supu huihisi tena, inabaki ladha. Mpishi anakupa msingi, wewe unamalizia. Onja kwanza. Kisha tia kidogo kidogo, kijiko cha siki, chembe za sukari, onja tena. Ndiyo, sukari kwenye supu. Nilikunja uso na mimi, lakini siki bila ile sukari inakuwa kali tupu. Wenzangu waliosema chakula kimepooza, nawaambia vile vikopo hawakuvigusa.

Na kijiko ndicho kinachoingia mdomoni. Uma uko mkono wa kushoto wa kusukumia wali. Vijiti ni vya tambi, usijitese navyo kwenye wali. Ukipata wali wa kunata wa watu wa Isan, kaskazini mashariki, unanawa, unafinya tonge na kuchovya kama ugali. Hapo nilijiona nimefika nyumbani.

Pilipili sasa. Dada mmoja wa Unguja tuliyekuwa naye sokoni aliniangalia nikisema "mai phet", bila pilipili, akacheka. "Mwenzangu, pilipili gani hiyo ya kuogopwa? Mimi anitie kama wanavyokula wenyewe." Mama muuzaji akamtazama, akatutazama wote, akamtwangia som tam kwenye kinu cha udongo: papai bichi lililochanwa, ndimu, nyanya, na pilipili ndogo ambazo mimi niliacha kuzihesabu. Baada ya matonge mawili dada wa watu hakuwa na neno. Maji hayakumsaidia. Kilichomtuliza ni matango mabichi, wali, na cha yen, ile chai ya rangi ya machungwa yenye barafu na maziwa mazito ya kopo. Alipopata sauti akasema, "Lakini tamu." Akaimaliza.

Mimi naagiza "phet nit noi", kidogo tu, na "kidogo" yao bado inanitoa jasho. Halafu som tam ziko za namna nyingi. Ya kuanzia ni som tam thai, yenye karanga na kamba wadogo wakavu na sukari ya mnazi au mvumo, inakubalika na kila mtu niliyempeleka. Ile ya pla ra, inayotiwa samaki aliyevunda mpaka maji yake yakawa meusi, watu wa Isan wanaisifia sana na huwa nawapisha waifaidi wenyewe.